Nimonia Inayorudi Pale Pale: Kitu Kilichokwama Kwenye Pafu la Mtu Mzima

Mtu mzima akipaliwa mezani, mambo huisha haraka. Anakohoa mpaka machozi yanamtoka, jirani yake anampiga mgongoni, mwingine anamsogezea glasi ya maji, na hakosekani wa kutania kwamba kuna mtu anamsengenya huko. Kikohozi kinatulia, chakula kinaendelea. Mara nyingi sana habari huishia hapo, kwa sababu kukohoa ni kinga yenye nguvu kuliko tunavyoisifu.

Lakini zipo nyakati kikohozi hutulia kwa kuwa kitu kimeshuka, wala hakijatoka. Kimepita bomba kuu la hewa, kimeingia tawi moja la pafu na kukaa humo. Pafu la pili linafanya kazi, na sehemu kubwa ya hilo la kwanza nayo inafanya kazi. Mwenyewe anahema vizuri, na baada ya wiki mbili hakumbuki hata siku ile alikuwa anakula nini. Miezi au miaka inapita, ndipo anakuja hospitali na kikohozi kisichokoma, makohozi yenye harufu, homa za kuja na kuondoka, pengine damu. Ataulizwa kuhusu kifua kikuu, sigara, pumu katika ukoo. Kama aliwahi kupaliwa, haulizwi, na yeye hana sababu ya kulitaja.

Kwa watoto wadogo tatizo hili linajulikana. Mtoto alikuwa na karanga mkononi, ghafla anabadilika rangi, na nyumba nzima inakimbilia hospitali. Kwa watu wazima ni nadra zaidi, na unadra huo ndio unaolifanya lipite bila kutambuliwa.

Tuanze na njia yenyewe. Nyuma ya ulimi, chakula na hewa hupita sehemu moja ya koo kabla ya kuachana. Umio uko nyuma, unashuka hadi tumboni. Bomba la hewa liko mbele, ndilo lile gumu lenye pingili unaloligusa shingoni. Tunapomeza, zoloto, yaani sehemu ya juu ya bomba la hewa yenye nyuzi za sauti, hupanda, kidakatonge huinama juu yake kama kifuniko, nyuzi za sauti hubana na pumzi husimama kidogo. Ukicheka, ukishtuka au ukidakia mazungumzo tonge likiwa bado mdomoni, unavuta hewa wakati mlango ulipaswa kuwa umefungwa.

Bomba la hewa la mtu mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 12, kisha linagawanyika kuwa matawi mawili. Tawi la kulia ni pana zaidi, ni fupi, na linashuka karibu wima. La kushoto ni jembamba na linakata kwenda pembeni. Kwa hiyo kitu alichovuta mtu aliyekaa au kusimama mara nyingi huangukia kulia, na hasa sehemu ya chini ya pafu la kulia. Likumbuke hilo, tutalihitaji mbele.

Hapa pia ndipo ilipo kasoro ya dawa yetu ya nyumbani ya kumeza tonge kubwa la ugali, au ndizi mbivu, ili kusukuma mwiba wa samaki. Mwiba uliokwama upande wa chakula huenda ukasukumwa, huenda ukazidi kuchoma. Uliokwisha kuingia njia ya hewa haukutani na tonge hilo kabisa. Na kwa mtu ambaye bado anakohoa na kutweta, tonge lenyewe linaweza kuwa kitu cha pili kuingia kusikotakiwa.

Kisa mashuhuri cha mtu mzima aliyevuta kitu ni cha mhandisi Mwingereza Isambard Kingdom Brunel, mjenzi wa reli na meli. Aprili 1843 alikuwa akiwafanyia watoto mazingaombwe kwa sarafu ya dhahabu, sarafu ikamponyoka mdomoni na kuingia upande wa kulia wa kifua. Madaktari walimtoboa bomba la hewa shingoni wakajaribu kuivuta kwa koleo, ikashindikana. Mwishowe alifungwa kwenye ubao, akageuzwa kichwa chini miguu juu, na sarafu ikaanguka. Ilikuwa Mei, wiki kama sita tangu ajali. Brunel alikuwa na bahati mbili ambazo wengi hawana: alijua alichovuta, na alichovuta kilikuwa kizito, cha duara, kisichooza.

Linganisha na mtu wa Preston, Uingereza, ambaye madaktari wake walichapisha kisa chake mwaka 2017. Alikuwa na miaka 47, mvutaji sigara, mwenye kikohozi cha zaidi ya mwaka mzima. Picha ya kifua ilionyesha kivuli, na kila mtu akafikiria saratani. Walipoingiza kamera kwenye njia ya hewa wakatoa koni ndogo ya plastiki, mfano wa zile za barabarani, ya midoli ya Playmobil. Hapo ndipo alipokumbuka kuwa alipewa midoli hiyo siku ya kuzaliwa alipotimiza miaka saba. Kitu kilikuwa kimekaa pafuni miaka 40.

Inawezekanaje? Jibu ni kwamba kuta za njia ya hewa huzoea. Dakika za kwanza mwili hupigana: kikohozi, kukabwa, sauti kukwaruza. Baadaye vipokezi vinavyoamsha kikohozi huchoka kulalamikia kitu kile kile kisichosogea, na unafika ukimya. Madaktari wa kifua wanautambua ukimya huo kama awamu ya pili ya tatizo. Mgonjwa hudhani amepona, na kama alipanga kwenda hospitali, anaahirisha. Awamu ya tatu ni ile ya madhara, nayo hutegemea zaidi kilichotokea nyuma ya kitu kuliko kitu chenyewe.

Kitu kikiziba tawi kabisa, hewa iliyobaki nyuma yake hunywewa na damu taratibu, na sehemu hiyo ya pafu husinyaa. Kikiziba nusu, kinaweza kugeuka valvu ya baiskeli: unapovuta pumzi njia inatanuka kidogo na hewa inaingia, unapoitoa njia inajibana na hewa inanaswa. Sehemu hiyo inavimba badala ya kusinyaa. Kwa hali zote mbili, jambo moja linakwama, nalo ni usafi. Pafu lenye afya hujisafisha mchana na usiku, ute ukipandishwa juu na vinyweleo vidogo mno hadi kooni, nasi tunaumeza bila kujua. Nyuma ya kizuizi ute haupandi. Bakteria waliomo hupata mahali penye joto, unyevu na utulivu, na nimonia inaanza.

Antibayotiki zinafanya kazi. Homa inashuka, mgonjwa anarudi shambani au kazini, na baada ya wiki kadhaa nimonia inarudi kwa sababu kizuizi bado kipo. Ikirudi mara nyingi, kuta za matawi zinalika na kutanuka moja kwa moja, hali inayoitwa bronkiektasisi. Tawi la namna hiyo haliwezi kurudi lilivyokuwa. Mgonjwa hubaki na makohozi mengi kila asubuhi, na mishipa ya damu iliyonenepa katika sehemu hiyo inaweza kupasuka na kumfanya ateme damu. Wakati mwingine jipu hujijenga ndani ya pafu, au usaha huvuka na kujaa kati ya pafu na mbavu, ambako hauondoki kwa vidonge peke yake. Hautoki mpaka utolewe kwa mrija.

Pale kitu kinapogusa ukuta, mwili hujaribu kukifunika kwa nyama mpya, laini, nyekundu, inayovuja damu ukiigusa. Baada ya miezi kitu kinaweza kufunikwa chote. Kwenye picha, na hata kwenye kamera, nyama hiyo hufanana sana na uvimbe wa saratani, na hapa hata daktari mzoefu hudanganyika. Mwaka 2010 mzee mmoja wa Massachusetts, Marekani, alikuwa amekwisha kujiandaa kusikia kwamba ana saratani, kumbe pafuni mwake kulikuwa na punje ya njegere iliyoanza kuchipua.

Aina ya kitu ina uzito wake. Vyuma na plastiki huweza kukaa miaka bila fujo kubwa. Mfupa wa kuku hukwaruza na hubeba uchafu wa chakula. Karanga ni mbaya kwa sababu mafuta yake yanawasha ukuta wa njia ya hewa, na punje kavu za maharage au mahindi hufyonza maji na kufura, kwa hiyo kilichoingia kwa nafasi kesho kinabana.

Kitu ninachotaka kukisimamia kidogo ni kidonge, kwa sababu hakuna anayekishuku. Vidonge vingi vikiingia njia ya hewa huyeyuka na kuleta usumbufu wa muda. Vidonge vya madini ya chuma, vile vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito na watu wenye upungufu wa damu, vina tabia nyingine. Chuma kikiyeyuka juu ya ukuta mbichi wa tawi la hewa kinaunguza kama kemikali. Panakuwa na kidonda, kisha kovu, na kovu linaweza kulibana tawi. Daktari akiingiza kamera baada ya siku chache hakuti kidonge, kimeshayeyuka. Anakuta ukuta uliobadilika rangi, na asipouliza mgonjwa anameza dawa gani, hatajua chanzo. Mzee aliyepata kiharusi na anayepewa kidonge hicho amelala chali, kwa maji ya kunywa kidogo, yuko kwenye hatari hasa. Akalishwe wima, apewe maji ya kutosha, na akishindwa kumeza aulizwe mfamasia kama kuna ya maji.

Kwa nini basi ugumu wa kutambua? Kwanza, eksirei huona vitu vizito tu. Jino, sarafu, msumari na pini vitaonekana vizuri. Karanga, plastiki, kipande cha nyama na miiba mingi ya samaki havionekani. Kinachoonekana ni athari: weupe wa nimonia, sehemu iliyosinyaa, au upande mmoja uliojaa hewa kupita kiasi. Eksirei safi haimtoi mtu kwenye shaka. Picha ya CT huona zaidi, nayo pia hukosa baadhi.

Pili, tunaishi mahali ambapo kikohozi kirefu kina jina tayari. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Mtu aliyekohoa wiki mbili au zaidi lazima apimwe kifua kikuu, na hilo ni sahihi kabisa. Shida huja makohozi yasipoonyesha vimelea, na mgonjwa akaanzishiwa dawa kwa dalili na picha peke yake. Utaratibu huo upo kwa sababu nzuri, maana kuna wagonjwa halisi wa kifua kikuu ambao vipimo haviwakamati. Ila dawa ni za miezi sita, na aliyevuta mfupa atazimeza zote na kubaki na kikohozi chake, akiitwa mgonjwa wa kifua kikuu sugu kwa dawa.

Ndipo tunarudi kwenye lile tawi la kulia. Kifua kikuu cha watu wazima hupenda sehemu za juu za mapafu, ingawa kwa wenye virusi vya UKIMWI kinaweza kujitokeza popote. Kitu kilichovutwa hupenda chini, kulia. Nimonia iliyorudi mara ya pili au ya tatu mahali pale pale pafuni inadai maelezo: kuna kizuizi gani hapo? Inaweza kuwa kitu, inaweza kuwa uvimbe. Inaweza hata kuwa kijiwe, kwa sababu tezi iliyowahi kuugua kifua kikuu na kukauka kuwa jiwe huweza kutoboa ukuta na kuingia njia ya hewa, miaka mingi baada ya kupona. Kwa vyovyote, kuandika antibayotiki ya nne bila kuuliza hivyo ni kupoteza pesa ya mgonjwa. Huo ni msimamo wangu, na nadhani madaktari wengi wa kifua watakubali.

Pumu nayo huchanganya. Pumu hupiga filimbi pande zote mbili na huja na kuondoka. Filimbi ya upande mmoja tu, iliyoanza ukubwani kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na pumu, na isiyosikia dawa ya kuvuta, inastahili kuchunguzwa zaidi.

Nani hasa hupatwa? Wapo wanaojulikana vitabuni: aliyepata kiharusi, mwenye ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson, mzee mwenye kusahau, aliyeanguka kifafa, aliyelewa chakari. Wote hao kinga ya kumeza na kukohoa imelegea, na baadhi yao hawatakumbuka kabisa kilichotokea. Mwenye meno ya bandia yaliyolegea, au asiye na meno ya kutafunia nyama, yumo pia. Katika ajali, na hapa bodaboda haziwezi kukosa kutajwa, jino lililokatika na halionekani chini wala mdomoni lihesabiwe kuwa liko kifuani mpaka picha ithibitishe vingine. Viti vya madaktari wa meno navyo vimetoa visa vyake, kuanzia majino yaliyong'olewa hadi vifuniko vya meno.

Kundi jingine ni la watu wazima kabisa wenye akili zao timamu: wanaotumia midomo kama mkono wa tatu. Fundi seremala anashika misumari kwa midomo, fundi cherehani anashika pini. Na msichana anayefunga hijabu mbele ya kioo hubana pini midomoni huku mikono ikipanga mtandio. Anaitwa, anaitika au anacheka, pini imekwenda. Visa vya namna hiyo vimeandikwa kwa wingi kutoka Uturuki, Misri na nchi nyingine za Kiislamu, na wengi wa wagonjwa ni wasichana na wanawake vijana. Pini zenye kichwa cha shanga hushuka kichwa mbele na ncha ikitazama juu, kwa hiyo kila kikohozi kinaisukuma ncha ukutani. Afadhali yao ni moja: wanajua kilichotokea, wanakuja siku hiyo hiyo, na eksirei inaionyesha pini bila ubishi.

Kutoa kitu pafuni hakukuwezekana kwa karne nyingi bila kupasua. Mwaka 1897, mjini Freiburg, Ujerumani, daktari Gustav Killian aliingiza bomba la chuma lililonyooka kupitia mdomo wa mkulima wa miaka 63, akamtoa mfupa wa nguruwe katika tawi la kulia. Mgonjwa alitiwa ganzi ya kokeini kooni. Marekani, Chevalier Jackson aliifanya kazi hiyo kuwa taaluma, na vitu alivyotoa yeye na wenzake kwenye njia za hewa na za chakula, 2,374 kwa hesabu, viko kwenye makabati ya jumba la makumbusho la Mütter, Philadelphia: pini, sarafu, vifungo, mifupa. Kisha miaka ya 1960 Mjapani Shigeto Ikeda akaleta bomba jembamba linalopinda, lenye nyuzi za kioo za kupitisha mwanga, na mgonjwa akaweza kuchunguzwa akiwa macho.

Bomba hilo linalopinda ndilo linalotumika kwanza kwa watu wazima siku hizi. Koo linatiwa ganzi, mgonjwa anapewa dawa ya kutuliza, kamera inashuka, na kupitia tundu lake daktari anapitisha kikoleo, kikapu cha waya, au kijiti cha kugandisha ambacho hukinasa kitu chenye majimaji kwa barafu na kutoka nacho. Kitu kikubwa, chenye ncha kali, au kinachotishia pumzi huhitaji bomba la chuma na nusukaputi, kwa sababu humo daktari anashika kitu na wakati huo huo anampitishia mgonjwa hewa. Upasuaji wa kifua hubaki kwa wachache: kitu kilichogoma kabisa, au sehemu ya pafu iliyoharibika kiasi kwamba kuiacha ni kuacha chanzo cha maambukizi.

Kikwazo kwetu ni umbali. Eksirei utaipata hospitali ya wilaya, kamera ya njia ya hewa iko hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili Dar es Salaam au Kenyatta Nairobi. Kwa hiyo rufaa inategemea mtu wa kwanza kusikiliza historia. Mgonjwa anaweza kumsaidia sana kwa kusema mambo ambayo haoni kama ni ya kifua: niling'olewa jino kabla ya kikohozi, nilianguka kifafa nikiwa nakula, niliamka baada ya sherehe bila meno yangu ya bandia, nilipaliwa na mfupa mwaka juzi nikakohoa siku tatu.

Na ile dakika ya kwanza? Anayeweza kukohoa na kuzungumza aachwe akohoe. Usimpige wala kumminya, na usimlishe chochote. Asiyeweza kutoa sauti, anayeshika shingo na kubadilika rangi, ainamishwe mbele apigwe mara tano kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega. Ikishindikana, simama nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta kwa nguvu ndani na juu mara tano, kisha rudia kupokezana. Mjamzito avutwe kifuani badala ya tumboni. Usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma. Akizimia, laza chini, ita msaada na anza kumkandamiza kifua. Aliyeminywa tumbo apelekwe kuchunguzwa hata kama kitu kimetoka.

Niongeze jambo moja lisilo la vitu vigumu. Mafundi wa magari na wauza mafuta ya chupa hunyonya petroli kwa mpira. Petroli ni nyepesi mno, tone likipotea njia husambaa pafuni na kuwasha nimonia ya kemikali ndani ya saa chache. Aliyepatwa asitapishwe na asinyweshwe maziwa ili atapike, maana akitapika petroli itapita tena mlangoni pale pale. Apelekwe hospitali.

Waliotolewa kitu mapema hupona haraka, na kikohozi cha miezi huweza kukoma ndani ya siku chache. Nyama nyekundu iliyoota hunywea yenyewe kitu kikishaondoka. Waliochelewa hadi matawi yakatanuka hufundishwa kulala kwa mkao unaoyaacha makohozi yashuke na kutoka, tena kila siku, na hupewa antibayotiki mapema homa ikianza. Wote hurudishwa kliniki baada ya wiki kadhaa kwa picha nyingine, ili daktari aone kama ile sehemu iliyosinyaa imejaa hewa tena, na kama kipande kingine hakikubaki.